Neno la Kuondoa Sahani

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama naye mzima, pamoja na goti lake ambalo naambiwa siku hizi linatabiri mvua. Mimi sijambo. Chumba changu bado kiko juu ya duka la matairi, bado kinanuka mpira, na jirani yangu bado anaimba bafuni kama mtu anayenyongwa.

Mama ameamua tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Basi naandika. Karani wa vifurushi pale stendi ameahidi kuipakia barua hii kwenye basi la kesho. Akinuna, itakuwa basi la siku anayoijua yeye.

Bado nipo kwa Madam wa mapazia. Juzi alinifumulisha pindo la mapazia ya ukumbi mzima kwa sababu mteja amesema rangi siyo ile. Rangi, Mjomba! Pindo lina kosa gani? Zamani ningemjibu. Siku hizi sijibu, na hiyo ndiyo habari yangu kubwa.

Nimejiunga na darasa. Kila Jumamosi, ghorofani juu ya duka la vioo, kuna mwalimu anafundisha nguvu ya shukrani. Usicheke kabla hujamaliza kusoma. Anasema watu hawapati wanachotaka kwa sababu wanakiomba, na anayeomba anakiri kwa mdomo wake kwamba hana, basi anabaki hana. Dawa ni kushukuru mapema, kana kwamba kitu kishafika. Unafumba macho, unakiona, unakishika, unasema nashukuru. Maneno manne tumekatazwa kabisa: nataka, naomba, sina, nasubiri. Kuna dada mmoja darasani alishukuru kwa ajili ya mume tangu mwaka jana, na sasa amechumbiwa.

Mimi nashukuru kwa karakana yangu. Ina mlango mpana wa kupitisha kochi la watu watatu bila kulilaza ubavu, ina dirisha linaloingiza mwanga wa asubuhi, na ndani yake hakuna Madam. Naishukuru kila siku kabla sijapiga mswaki. Nalala vizuri, Mjomba, na kwangu hilo si jambo dogo.

Msalimie mama. Mwambie nimeshashukuru kwa kuwa goti lake limepona.

Mpwa wako,
Sindano


21 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako mzima isipokuwa hilo goti. Nilipomsomea kwamba umeshalishukuria, alijaribu kusimama bila fimbo, akakaa haraka kuliko alivyosimama. Anakusalimu sana. Anasema uendelee kushukuru, lakini utume na ile dawa ya kuchua.

Barua yako imechukua zaidi ya wiki mbili. Karani alinuna.

Sikucheka kabla sijamaliza. Nilimaliza, nikacheka, nikamsomea fundi wa magodoro wa mlango wa pili, naye akacheka mpaka pamba ikamwingia puani. Huyo mwalimu wako kuanzia leo nitamwita Bwana Asante. Niambie kitu kimoja: huko darasani mnakalia viti? Vya nini? Mngefumba macho, mkaviona, mkavishukuru, kisha mkakaa. Mngeijua nguvu ya shukrani kwa makalio.

Mimi nimewaona watu wa aina moja tu wanaoshukuru kabla hawajapewa, nao ni watu wa ofisi. "Tunashukuru kwa kutotema mate hapa." "Asante kwa uvumilivu wako." Nani kawaambia nitavumilia? Hiyo si shukrani, ni amri iliyovaa tai. Hata mteja, akianza na "nakushukuru sana fundi" kabla sijagusa kochi lake, najua ndani ya lile kochi kuna panya.

Na hivi umesahau neno hilo lina kazi gani kwetu? Mkumbuke yule msoma mita ya maji. Mama yako alimkaribisha chai na mkate. Maskini akaona haya kukubali mara ya kwanza, akasema, "Nashukuru, mama," akitegemea abembelezwe. Mama yako akasema, "Haya," akaondoa sahani. Jamaa alisoma mita yetu huku anausindikiza ule mkate kwa macho, akakosea tarakimu. Sisi hatubembelezi mtu. Aliyesema nashukuru ameshiba, basi.

Kazi ipo. Nina viti vya ukumbi wa hoteli, vyote vimechanika mahali pamoja kama vilikubaliana. Kidole gumba kinajifanya kizee asubuhi, lakini kikipata joto kinafanya kazi. Usimwulize mama yako habari za kidole, atatia chumvi.

Karakana ni mlango, dirisha, na mtu wa kuufungua huo mlango asubuhi. Haipatikani kwa kufumba macho. Fumbua macho, ushone.

Mjomba wako


14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hamjambo hapo? Mimi sijambo. Dawa ya kuchua inakuja pamoja na barua hii, nimeifunga kwenye kitambaa cha pazia ili karani asijue ni kitu cha kunusa. Mwambie mama ajipake kidogo kidogo, si kama anapaka ukuta.

Nimemwuliza habari za kidole. Ulitegemea nini? Anasema mkasi unakuponyoka, na kwamba sindano sasa unatungiwa uzi na fundi wa magodoro. Wewe, uliyekuwa unatunga uzi huku unagombana na mteja! Mbona hukuniandikia?

Umemcheka mwalimu wangu. Sawa. Lakini wewe bingwa wa kazi ya maneno, hilo neno umewahi kumwambia nani? Nilikaa kwenye karakana yako tangu namaliza shule mpaka naondoka. Mto wa mwisho niliokushonea ulikuwa wa kochi la kijani la yule daktari wa meno. Ile kamba ya ukingoni niliizungusha mto mzima bila kuiunga popote, isipokuwa nyuma ambako hakuna anayeona. Daktari akapitisha kidole, akasema hajawahi kuona mkono kama huo. Alisema mbele yako. Na wewe ukasema, "Kona ya tatu imepinda."

Siku ile nilifunga virago. Uliwatangazia watu kwamba nimeufuata mji mkubwa. Sikufuata mji wowote. Nilikuwa nakimbia kona ya tatu, na mpaka leo nikishona mto naitazama hiyo kona kwanza.

Huyo Bwana Asante ana viatu vyenye ncha na anajipulizia marashi kama mtu anayeficha harufu nyingine. Yote hayo nayaona, sijavaa miwani ya mbao. Lakini ndiye mtu mzima wa kwanza kunitazama usoni akaniambia asante kwa kuja. Kwa hiyo endelea tu kucheka na fundi wako wa magodoro.

Madam ameajiri binti wa rafiki yake. Hajui upande wa mbele wa kitambaa wala wa nyuma, na amepewa meza yangu ya dirishani. Mimi sasa nashonea karibu na choo, na kila anayepita ananisalimia kwa haraka.

Nashukuru kwa karakana yangu. Umeona? Nimesema tena.

Sindano


5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa imefika. Mama yako amejipaka kama anapaka ukuta, na nyumba nzima inanuka hospitali. Lakini jana alitembea mwenyewe mpaka kwa jirani kwenda kugombana habari ya kamba ya kuanikia nguo, na akarudi mshindi. Nadhani goti linaelekea kupona.

Kuhusu kona ya tatu: ilikuwa imepinda.

Daktari wa meno bado analo lile kochi. Mwaka jana nilikwenda kung'olewa jino, nikalikagua mdomo ukiwa na ganzi. Halijafumuka popote.

Sasa sikiliza. Mwenye jengo ameona nafunga mapema, na anataka kujua nani atakuwa kwenye chumba cha mbele kuanzia mwezi wa tano. Mimi kitanitosha cha nyuma, pale ninapoweka springi na sponji. Cha mbele kina mlango ambao unaujua, na dirisha unalijua. Cherehani kubwa ipo humo. Fundi wa magodoro ameniambia waziwazi, "Mzee, chumba hicho nakitaka," kama mtu mwenye akili zake timamu. Nimemwambia angoje mpaka mwisho wa mwezi.

Kama na wewe una la kusema kuhusu hicho chumba, liseme. Sibembelezi. Ulimi unao, ndiyo maana tulikuita Sindano.

Msalimie Bwana Asante. Mwulize kama ameshawahi kushukuru kwa ajili ya akili, au anaona hiyo haina haraka.

Mjomba wako


16 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Salamu kwa mama na goti lake.

Barua yako imefika na nimeisoma. Nilimwonyesha na mwalimu. Kuhusu chumba cha mbele: nashukuru, Mjomba. Nashukuru sana.

Mengine mwalimu amesema nisiyaandike kwa sasa.

Sindano


4 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Mvua imenyesha, goti halikusema kitu, kwa hiyo hata utabiri tumepoteza.

Jibu lako lilifika siku moja kabla ya mwezi kwisha. Nimekuelewa. Umekataa kwa adabu, na adabu hiyo hukuipata kwangu, basi angalau darasa limekufaa kwa kitu. Ile "sana" hukuwa na haja ya kuiongeza. Moja ilitosha.

Fundi wa magodoro amehamia. Pamba imefika darini, na mwenye jengo ameshaandika jina lake. Mama yako hasemi nami. Anadai ningekuuliza mara ya pili. Nikamkumbusha yule msoma mita na mkate wake, akanitazama kwa dharau ambayo sikuwa nimeiona tangu tukiwa watoto, akaingia ndani.

Lakini ni afadhali. Ungekuja hapa ungeshinda umefumba macho unaviona viti vimeshashonwa, na wateja wangenivunjia mlango. Karakana yako ya hewani ni nzuri zaidi. Haina vumbi, haina panya, haina mzee wa kukwambia kona imepinda. Bwana Asante na akukabidhi funguo.

Cherehani kubwa nimeiburuta chumba cha nyuma, nimeifunika shuka.

Mjomba wako


13 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na salamu nyingine zote zihesabu kwamba nimezitoa.

Sikukataa! Nilikubali! Nilikubali kwa neno kubwa kuliko yote niliyofundishwa, nikasahau kabisa naandikia nyumba gani. Siku ile ile niliyompa karani barua, nilimwaga unga mwenyewe. Nilisimama mbele ya Madam na yule binti wa dirishani nikasema maneno ambayo hayarudishwi. Vitu vyangu viko kwenye maboksi. Kitanda nimempa jirani anayeimba. Kila asubuhi naamka sakafuni nikitegemea barua ya kuniambia nipande basi lipi, na barua ikaja hiyo yako.

Nilimpelekea mwalimu. Akaisoma polepole, akasema tatizo ni langu: ndani ya shukrani yangu kulikuwa na chembe ya shaka, na ulimwengu umeisikia. Nikamwambia ulimwengu haukusikia kitu. Aliyesikia ni mjomba wangu, na mjomba wangu akisikia nashukuru anaondoa sahani. Yule dada mwenye mchumba akaangua kicheko. Bwana Asante akatabasamu, akasema nishukuru basi hata kwa somo hili. Nilimtazama vile viatu vyake, nikachukua mkoba wangu. Sikumshukuru.

Lakini na wewe usijione mshindi. Tangu Februari nakuelezea mlango unaopitisha kochi bila kulilaza, na dirisha la mwanga wa asubuhi. Ulidhani ni mlango wa nani? Nimewahi kufanya kazi kwenye mlango gani mwingine wa namna hiyo? Na wewe uliyewasifu wenye akili timamu wanaosema nakitaka, mbona hukuandika "njoo"? Ni neno fupi, hata kidole kibovu kinaliweza. Ukaandika "kama una la kusema liseme", kama unajibizana na mwenye jengo. Nimekasirika, Mjomba, na nimelia, na nikimaliza kulia nakasirika tena.

Basi haya hapa, yote manne yaliyokatazwa. Nataka kile chumba. Naomba. Sina pengine pa kwenda. Nasubiri.

Sindano


22 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika haraka. Nilikuwa nakwenda stendi kila asubuhi kumwuliza karani, na amenichoka kiasi kwamba safari hii ameileta mwenyewe nyumbani ili asinione tena.

Mama yako aliisoma kwa sauti. Pale penye "mbona hukuandika njoo" alirudia, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo majirani nao wanauliza mbona sikuandika.

Nilimwendea fundi wa magodoro. Tumekaa na yule mtu ukuta kwa ukuta miaka yote hii na sijawahi kumwomba hata kibiriti. Nikamwambia, "Bwana, naomba tubadilishane. Chukua chumba cha nyuma, na springi zangu zote zilizomo ziwe zako, nirudishie cha mbele." Alikuwa anashona ukingo wa godoro. Hata kichwa hakuinua. Akasema, "Nashukuru, mzee."

Nilisimama pale nikidhani kuna maneno mengine yanakuja. Nilisimama kama yule msoma mita. Kisha nikaondoka, na njiani niliona aibu kubwa.

Kwa hiyo chumba hakipo, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilichopo ni hiki. Chumba changu cha kulala kinapata jua la asubuhi. Kitanda nimekitoa, kiko sebuleni, na mama yako anapita akikigonga kwa fimbo makusudi. Mlango ulikuwa mwembamba. Seremala ameung'oa pamoja na fremu na sasa anavunja ukuta, na tunakunywa chai yenye vumbi la saruji. Nilimwambia apime kwa kochi la watu watatu, likiwa limesimama kwa miguu yake, bila kulilaza. Cherehani kubwa imeshaingia, na shuka nimeitoa.

Kidole hakishiki sindano. Mama yako hakutia chumvi hata punje.

Kona ya tatu ilikuwa imepinda na sifuti neno. Zile nyingine tatu sijaona mtu akizishona vile, nikiwemo mimi. Nilipaswa kukwambia siku ile, mbele ya daktari. Nilimeza, kwa sababu mtu akikaa peke yake na kazi yake muda mrefu anadhani kusifu ni kupungukiwa.

Njoo. Nimeliandika, na kweli ni fupi. Nakutaka hapa, na karani akiifungua barua hii njiani akasoma, shauri yake. Panda basi la Jumatano. Utakuta sahani mezani, na nitakukaribisha mara mbili, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba hii. Ila nakuomba kitu kimoja, Sindano. Ukishaketi, nikikwambia karibu, usinishukuru.

Mjomba wako